Dawa Niliyoumwagia Mgomba

Mwezi huu nilishikwa na kikohozi, kile cha kukaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga. Nikakivumilia kwa tangawizi na ndimu mpaka wateja wakaanza kuniambia kwamba nitashona kikohozi ndani ya nguo zao. Ndipo nikaingia duka la dawa hapa Suna. Msichana wa mle ndani akaniletea chupa ya maji ya kahawia, akaifungua anionyeshe kikombe cha plastiki cha kupimia, na harufu ikatoka. Kabla hajasema neno, nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko la mama yangu kule Ndhiwa, miguu mitupu, nimeshika chupa kama ile.

Harufu yenyewe sijui niieleze vipi. Niliishia darasa la nane, na ninayoandika hapa ni kama yale ninayoandika jioni kwenye daftari langu nikishafunika cherehani. Ni utamu ulioungua kidogo, wenye ubaridi ndani yake, kama peremende iliyosahaulika kwenye mfuko wa sare ya shule. Wa rika langu mtaijua.

"Usishtuke, mama," msichana akaniambia. "Siku ya kwanza na ya pili unaweza kukohoa kuliko sasa. Makohozi yatatoka. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Kazi yake ni kunikohoza?"

"Ni kulainisha." Akanionyesha kwenye boksi jina refu, guaifenesin, akalisoma polepole kama mwalimu. "Hii haizuii kikohozi. Inafanya makohozi yawe mepesi, uyateme bila kujiumiza. Lakini kunywa maji mengi nayo. Usiichanganye na dawa nyingine ya mafua kabla hujaniuliza, zingine ziko na hii hii ndani. Na usimpe mtoto mdogo eti kwa sababu imekusaidia wewe. Mtoto apelekwe kwa daktari. Na wewe ukiona damu, ama joto likipanda, ama wiki ipite na bado unakohoa, usirudi kwangu. Enda hospitali wakupime kifua."

Nikamwuliza kama mtu anaweza kufa nayo. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

"Ukifuata kipimo, hapana. Labda tumbo likusumbue kidogo. Kwani nani amekutisha?"

Hakuna aliyenitisha. Mimi ndiye niliyewatisha wengine, nikiwa na miaka tisa au kumi, na kwa sababu ya kutisha kwangu kuna mwanamke hapa Suna ambaye hana nyumba nyumbani kwake. Mnaotoka upande wetu mnajua hilo lina uzito gani. Mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mume wake, mbele ya nyumba yake. Asiye na nyumba huulizwa swali moja akiwa bado anapumua: huyu atapelekwa wapi? Nilikuwa nimelisikia swali hilo sokoni mwaka huu, likiulizwa juu yake, nami nikajifanya napima kitambaa.

Huyo mwanamke ni mama yangu mdogo, mke wa pili wa baba.

Nitajaribu kueleza ilivyokuwa, ingawa naogopa kumbukumbu yangu. Mtoto hukumbuka alichoogopa, halafu hukiita ukweli.

Nyumba ya mama ilitazama lango, kama inavyopasa nyumba ya mke wa kwanza, mikayi. Ya mama mdogo ilikuwa kando, ndogo, ya udongo na mabati, na kila Desemba aliipaka upya kwa udongo mwekundu chini na mweupe juu mpaka ikaifanya ya mama ionekane imelala. Wakubwa walimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, na mama walimwita Nyar Gwassi, kwa jina la kwao. Wao wenyewe waliitana nyieka, mke mwenza. Neno hilo walilirushiana kama mpira, mara kwa mapenzi, mara kwa nguvu. Ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa nyanya, mama yake baba, tuliyemwita dani.

Mama mdogo aliuza mitumba hapa Suna, akarudi nyumbani kila Ijumaa. Alikuwa Msabato, kwa hivyo Ijumaa yake ilikuwa ya mbio: maji yachotwe, kuni zipasuliwe, chakula cha kesho kiive, yote kabla jua halijazama. Sisi watoto tulimngojea barabarani. Alikuja na mkate, na kabla hajakaa chini ananiita, "Akoth, leta kichwa!" Ananibana kati ya magoti yake, ananisuka akikimbizana na jua, anavuta nywele mpaka macho yanatoka machozi. "Nyamaza, jua halikusubiri wewe." Mikono yake ilinuka sabuni ya mche na nguo za watu wa mbali. Hata sasa nikifungua furushi la mitumba lazima niliinamie ninuse kidogo kabla sijaanza kazi.

Jumamosi yeye alipumzika na mama akalima. Jumapili mama, ambaye ni Mkatoliki, alienda misa na mama mdogo akafua. Baba, aliyeendesha trekta la kubeba miwa, alisema ana siku mbili za Mungu kwa wiki na hana hata moja ya kwake. Ijumaa alikula kwa mama mdogo. Tulisikia kicheko chake kikitoka kule. Kwetu hakucheka hivyo. Labda alicheka, na mimi ndiye nisiyekumbuka.

Mama aliugua msimu wa kuchoma miwa, wakati majivu meusi yanaanguka juu ya nguo zilizoanikwa. Ilianza kama mafua. Mafua yakaenda, kikohozi kikabaki, kikavu, cha kukwama. Alikohoa akishika mbavu, na baada ya kukohoa hakutoa kitu, akabaki amechoka tu. Alinywa ndimu. Alijifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi. Hakuna aliyetaja hospitali. Kwa hilo siwezi kumlaumu mtu, ilikuwa mbali na watu walikuwa shambani.

Ijumaa moja mama mdogo akaja na chupa badala ya mkate.

"Nyieka," akamwambia mama, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia, "nimekuletea dawa. Yule wa duka la dawa nimemweleza vile unakohoa. Asubuhi, mchana na jioni, kipimo hiki hapa. Na unywe maji, maji kabisa, si kuonja kama kuku."

"Na wewe umeionja?" mama akamwuliza, nusu akitania.

"Mimi nakohoa?"

Wakacheka wote wawili. Nakumbuka walicheka. Nimeandika hili kwa sababu baadaye kila mtu alisimulia siku ile kana kwamba hakuna aliyecheka.

Mama akanywa. Kesho yake kikohozi kikabadilika. Kikawa cha maji, kizito, kinachotoka chini kabisa, na kila kikija kinakuja na kitu. Kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotiwa majivu, mama akitema humo, na kazi yangu ilikuwa kulimwaga chooni. Siku za mwanzo kopo lilikuwa na majivu tu. Sasa lilikuwa na madonge ya manjano na kijani, mazito, na povu.

Krismasi iliyotangulia walikuwa wamechinja mbuzi, nami nikaona mapafu yake yakitolewa, laini, yenye povu. Mwalimu naye alikuwa ametuchorea mapafu ubaoni. Nikayaunganisha hayo mawili na kopo, na mimi peke yangu, bila kuuliza mtu, nikajua: dawa ilikuwa inayeyusha mapafu ya mama, nayo yanatoka vipande vipande, na mimi ndiye ninayeyatupa chooni.

Sikumfikiria mama mdogo kwanza. Nataka hilo lijulikane. Nilifikiri dawa imeharibika. Lakini nilipomweleza dani ninayoyaona kwenye kopo, akaacha kuchambua mboga.

"Dawa hiyo ilitoka kwa mkono wa nani?"

"Kwa mama mdogo."

"Yawa," akasema. "Mimi nikiwa kitandani nakufa, dawa ya nyieka haiguswi na mdomo wangu." Kisha akaendelea na mboga.

Dani hakuwa mtu mbaya. Dada yake alikufa akiwa mke wa tatu katika boma la watu, na hakuna aliyewahi kumweleza alikufa na nini. Mtu akikaa na swali kama hilo miaka mingi, hujibu hata pale ambapo hajaulizwa.

Jumatatu asubuhi mama mdogo alikuwa amerudi Suna. Mama alikuwa amelala. Nikachukua chupa, nikaenda nyuma ya jiko, nikaimwaga yote kwenye shina la mgomba. Ndipo nikasikia harufu ile vizuri. Halafu nikaogopa kuchapwa, kwa hivyo nikachukua chai ya rangi iliyobaki kwenye sufuria, ile nyeusi ya asubuhi, nikaizidishia sukari, nikaijaza kwenye chupa mpaka pale dawa ilipokuwa imefika. Rangi ilifanana kabisa. Nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa Ndhiwa.

Mama akapima, akanywa. Akatulia kidogo, akaangalia chupa.

"Leo imepungua ukali," akasema.

Nilikuwa nikiuangalia mgomba. Siku ya tatu jani moja la chini likawa la njano. Ilikuwa kiangazi, majani ya migomba yote yalikuwa yanageuka njano hadi kwa jirani, lakini mimi niliangalia mmoja tu. Na siku hizo hizo mama akaanza kupata nafuu. Kopo likarudi kuwa la majivu. Wiki haikwisha kabla hajashika jembe.

Leo najua kidogo zaidi, na bado siwezi kusema ni nini kilimponya. Pengine dawa ilikuwa imeshamaliza kazi zile siku za kwanza, imelainisha kilichokwama, na nilichokiona kwenye kopo kilikuwa ni kupona kwenyewe. Pengine ni chai, maana yule msichana aliniambia kinywaji cha moto nacho hulegeza kifua. Pengine kilikuwa kikohozi cha kuisha chenyewe. Dawa ile haiponyi ugonjwa, husaidia kutema tu. Lakini kwa akili yangu ya wakati ule hesabu ilikuwa rahisi: amekunywa, anakufa. Nimemwaga, amepona.

Nikamwambia dani. Nilimwambia kwa furaha. Nilitaka kusifiwa.

Jumapili, misa ilipokwisha, tukaitwa kwa dani: baba, mama, mama mdogo, na mjomba wake baba aliyekuwa amepita kusalimia tu. Mama mdogo alikuja na mikono yenye povu la sabuni, alikuwa anafua. Baba hakuketi. Dani akanivuta mbele.

"Sema ulichoona, nyathina, mwanangu. Usiogope mtu."

Nikasema. Nilisema juu ya kopo, na madonge, na mgomba. Nilisema neno "mapafu". Nikasikia kuku wakiparuza nje. Mjomba akaguna. Baba akamtazama mama mdogo, si kwa hasira, ila kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakipo.

Mama mdogo hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Chupa iko wapi?"

Ikaletwa. Ilikuwa imebaki kama nusu.

"Mnasema ni sumu," akasema. "Haya. Niangalieni." Akaifungua, akainua kichwa, akanywa yote, mikupuo mitatu.

Niliona uso wake ulipobadilika. Alionja. Akashusha chupa, akanitazama mimi, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimsuka nywele siku mbili nyuma.

Nami nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli na nilikuwa nimefundishwa kusema kweli, "Hiyo ni chai. Dawa si nimesema nilimwaga?"

Dani akapiga makofi mara moja. "Ero! Anakunywa chai yetu anatuonyesha nini? Wewe Nyar Karungu, mbona hukuionja ile yako mwenyewe, siku ile uliyoulizwa?"

Hapo ndipo ilipokwisha. Kitu pekee ambacho kingemtetea kilikuwa kimenyonywa na mgomba. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono mdomoni, hakusema chochote.

Hakuna aliyemfukuza. Hiyo ndiyo lugha tuliyoitumia nyumbani miaka yote: hakuna aliyemfukuza. Alienda Suna Jumatatu kama kawaida. Ijumaa hakurudi. Nilimngojea barabarani mpaka jua likazama, nywele zangu zimefumuliwa tayari. Ijumaa nyingine vilevile. Baba alimfuata mara mbili tatu, akarudi peke yake. Mvua ikaanza kula ukuta wa nyumba yake, kwanza ule mweupe, halafu ule mwekundu. Siku moja mabati yakatolewa, yakaenda kuezeka zizi la ndama. Hakuna aliyesema ni ya nani. Nyumba yenyewe ilipoanguka, tuliyachezea madongo yake. Mahali pale mama alipanda viazi.

Baba alipofariki, mama mdogo alikuja. Alikaa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, katikati ya wageni, mjane asiye na nyumba ya kuombolezea mume wake. Mtu alimletea soda kama mgeni. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina watoto. Nilikuwa nimeacha kuamini kwamba alitaka kumwua mama, lakini sikuwa nimejisumbua kuamini lingine lolote mahali pake. Nilikuwa nimeolewa hapa hapa Suna, mji wake, na miaka yote nimepita nyuma ya vibanda vya soko ili nisipite mbele ya chake.

Kwa hivyo nilipotoka kwenye duka la dawa siku ile, sikurudi kushona. Nilifunga kazi, na kesho yake nilikuwa Ndhiwa.

Mama amezeeka, lakini bado anachambua maharagwe mwenyewe, hamwamini mtu mwingine kuyatoa mawe. Nikaketi karibu naye. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia popote.

"Mama, ile dawa ya mama mdogo. Haikuwa sumu. Nimeulizia. Yale uliyokuwa unatoa ndiyo ilitakiwa uyatoe."

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Kwani mimi ni mtu wa kutojua chai?" Akatupa jiwe dogo uani. "Siku ile ile ya kwanza, nilipotia mdomoni, nikajua. Nikasema huyu mtoto amemwaga akicheza, anaogopa kiboko. Nikanyamaza nisikuchape. Kunyamaza kwa kwanza ndiko huko, na huko sijutii."

Akatupa jiwe jingine.

"Kule kwa dani ndiko kubaya. Nyieka alipoinua ile chupa, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema, huyu mama alinipa dawa ikaniondoa kitu kifuani, nikapata kulala. Maana ilikuwa hivyo, Akoth. Nilikuwa natema, lakini nilikuwa napumua. Neno nilikuwa nalo hapa." Akagusa koo. "Nikamwangalia baba yako. Nikaona Ijumaa zake zote zikirudi kwangu."

"Zilirudi?"

"Alikula kwangu, ndiyo." Akapepeta maharagwe kidogo. "Akila kimya."

Nilikuwa nimekuja kuungama, nikakuta mwingine yuko mbele yangu kwenye foleni. Na sitaki kuandika kana kwamba kosa limehamia kwake, mimi niko huru. Yeye alinyamaza mara moja. Mimi nilisema, halafu nikanyamaza miaka yote iliyofuata.

Nikamweleza yanayosemwa sokoni. Kwamba miguu ya mama mdogo imeanza kumkatalia, kwamba hana mtoto, kwamba ndugu zake wa Karungu wamesema wazi yeye ni mke wa watu, hawana pa kumweka.

Mama akasimama, akajikung'uta maganda. Akatembea mpaka kwenye viazi, akapaangalia.

"Ndugu zako watajenga," akasema. "Nitawaambia mimi, na nitawaambia sababu, wote wakiwa wamekaa. Lakini kwanza utanipeleka kwake. Mikayi hatumi mtoto kazi kama hii."

Nikamleta Suna Jumapili. Mama mdogo anakaa chumba kimoja nyuma ya soko. Tulimkuta kwenye baraza, amenyoosha miguu, furushi la nguo za watoto mbele yake, anazikunja. Alimtambua mama kabla ya kumwona vizuri, nadhani kwa mwendo.

"Nani huyo? Nyar Gwassi? Umekuja kunizika mapema, ama umepotea njia?"

"Nimekuja kukaa," mama akasema, "kama kuna kiti."

"Viti ni vya wateja. Kaa kwenye furushi."

Mama akakaa kwenye furushi. Akasema yote, bila kuzunguka, kuanzia chai mpaka Ijumaa. Alisema mbele yangu na mbele ya jirani aliyekuwa anasuka mtu mlango wa pili, na hakupunguza sauti. Nami nikasema ya kwangu. Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kwa dani, nyembamba.

Mama mdogo aliendelea kukunja. Alikunja gauni moja mara nne, akalifumua, akalikunja tena.

"Mnajua nilifanya nini wiki ile?" akasema mwishowe. "Nilirudi kwa yule mtu wa duka la dawa nikamgombeza. Nikamwambia umeniuzia nini, umeniharibia nyumba. Akanionyesha chupa nyingine kama ile, akaniambia soma. Nikasoma. Sikuamini. Miaka yote hii, nyieka, nimekuwa nikijiuliza labda nilinunua mbaya. Labda nilikuambia kipimo kibaya. Wakati mwingine najiuliza labda ni kweli nilitaka kukuua na sikujijua."

Mama akaweka mkono mdomoni, vile vile kama siku ile, halafu akautoa.

"Hukunifanya kitu," akasema. "Ulinisaidia."

"Sema tena."

"Ulinisaidia."

"Na wewe," mama mdogo akanigeukia. "Unapita nyuma ya vibanda ukiinama. Nakujua kwa viatu. Unafikiri ukiinama unakuwa mtu mwingine?"

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nitaona." Hakusema zaidi juu ya hilo, na mpaka leo hajasema. Sina haki ya kumharakisha.

Mama akamweleza kuhusu nyumba: mahali pale pale, viazi vitang'olewa, vijana wako tayari, mabati mapya. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasukuma furushi kando.

"Nyumba ya aina gani? Nimeziona hizo zenu. Inajengwa kwa siku mbili, mwenyewe akiwa mochwari anangoja, haina hata dirisha, ili mtu apate ukuta wa kulazwa mbele yake. Kama ni hiyo, msijisumbue."

"Si hiyo," mama akasema.

"Mimi sitaki nyumba ya kuzikiwa. Nataka ya kupikia. Mkijenga, mjenge na jiko."

"Jiko litakuwepo."

"Kubwa kuliko lako, nyieka."

Nikamtazama mama. Yeye ni mikayi, na kule kwetu maneno kama hayo yamewahi kuwatoa watu majumbani. Aliiangalia miguu ile iliyovimba, iliyonyooshwa juu ya saruji.

"Langu linavuja," akasema. "Kulishinda si kazi."